CHAI, MSTARI NA MANENO YA UPOLE YA WAINGEREZA

Jioni katika mtaa wa Makadara, hapa Mombasa, jua likishapungua ukali, muuzaji kahawa hupita na dele lake la shaba huku akigonganisha vikombe, na wazee walioketi barazani humsogezea nafasi. Kahawa ile ni ya tangu kale, wala hapana aulizaye imetoka wapi. Lakini asubuhi, ndani ya nyumba zizo hizo, watu hunywa chai kwa mahamri na mbaazi, na ukiwauliza habari za chai wengi watakujibu mara moja kwamba ni kitu cha Waingereza. Vivyo hivyo husemwa juu ya kusimama kwa mstari, juu ya kuomba radhi kila dakika, na juu ya barua zilizojaa maneno matamu.

Tumeona yafaa kuyaeleza mambo hayo kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi yake kwa asili si ya Waingereza hata kidogo. Pili, yale ambayo ni yao kweli yaweza kumtia mtu hasarani asipoyaelewa. Na mimi niandikaye nimewahi kuwa sababu ya hasara kama hiyo, nitakavyosimulia huko mbele.

Tuanze na chai. Mmea wenyewe ni wa China, na Wachina walikuwa wakinywa majani yake karne nyingi kabla Mwingereza hajayaona. Katika mji wa London chai ilianza kuuzwa katika miaka ya 1650, tena katika nyumba za kahawa, maana kahawa iliwatangulia wao kama ilivyotutangulia sisi. Bwana mmoja aitwaye Samuel Pepys, karani mkubwa katika ofisi ya manowari za mfalme, aliandika katika daftari lake la kila siku kwamba tarehe 25 Septemba 1660 aliagiza kikombe cha chai, kinywaji ambacho hakuwahi kukionja maishani mwake. Basi yule ambaye leo twamdhania kuwa amezaliwa na kikombe mkononi, babu zake hawakuijua chai hata kidogo.

Aliyeipa heshima katika jumba la mfalme hakuwa Mwingereza. Alikuwa Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno, aliyeolewa na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1662. Kwa desturi ya Wazungu wa zama zile mali hutoka upande wa bibi arusi, kinyume cha desturi zetu, na huyu alikuja na mali nyingi, pamoja na mji wa Bombay, ambao majahazi ya pwani yetu yaliufanyia safari kwa pepo za kusi miaka mingi. Kwao Ureno watu wakubwa walikwisha zoea chai; yeye akaendelea kuinywa ugenini, na mabibi wa London wakamfuata.

Sasa msomaji wa Mombasa na atazame upande wa bahari. Ngome ile iliyo mwisho wa Mji wa Kale ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na Waarabu wa Oman hawakuitwaa mpaka mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa muda wa karibu miaka mitatu. Kwa hiyo mwaka ule bibi arusi huyo alipofika Uingereza na chai yake, ndugu yake ndiye aliyekuwa mfalme wa Ureno, na askari wake ndio waliokuwa ndani ya Ngome yetu. Wareno hao hawakutuachia sisi chai. Walituachia neno meza, ambalo juu yake chai huwekwa. Waingereza walipata kinywaji, sisi tukapata fanicha.

Hata jina la kinywaji hiki sisi na Waingereza hatukulipokea kwa mlango mmoja. Katika nchi ya China majani hayo huitwa kwa matamshi mawili. Watu wa upande wa Fujian husema te, na Waholanzi waliofanya biashara nao wakalichukua neno hilo wakawapa Waingereza. Wengi wengine husema cha, nalo likasafiri kwa nchi kavu mpaka Uajemi, na likaenea Bara Hindi na Uarabuni, mpaka likafika kwetu likiwa chai. Sukari, sahani na birika ni maneno ya Kiarabu. Kikombe ni chetu wenyewe.

Haitakuwa haki kusimulia utamu tu. Chai ilipokuwa ghali, na kodi yake kubwa kupita kiasi, Waingereza wengi waliinunua kwa magendo, mpaka mwaka 1784 Serikali yao ilipoishusha kodi kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12 na nusu. Sukari waliyotia ilitoka katika visiwa vya Karibi, ambako Waafrika walilimishwa miwa katika utumwa. Na kwa kuwa Wachina hawakutaka bidhaa nyingi za Kizungu, wafanyabiashara Waingereza waliwauzia kasumba iliyolimwa Bara Hindi ili wapate fedha ya kununulia majani. Serikali ya China ilipoikataza kasumba hiyo, vita vikaanza mwaka 1839. Mwaka huo huo chai ya kwanza ya Assam, iliyolimwa chini ya mikono ya Waingereza wenyewe, ilipigwa mnada London. Kikombe kimoja kilikuwa na mambo mengi ndani yake.

Kwetu Kenya miche ya kwanza ilipandwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza yakafungua mashamba huko Kericho. Mwafrika aliruhusiwa kuchuma chai ya wengine, lakini kuilima yeye mwenyewe kwa biashara hakukufunguliwa mlango wa kweli mpaka miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Baada ya uhuru, mwaka 1964, likaundwa shirika la kuwahudumia wakulima wadogo wa chai, na leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka katika mashamba ya watu hao.

Nalo jambo ambalo watu wengi wa mjini hawalijui, japo hulipita kila siku, ni hili. London ilikuwa na mnada wa chai tangu mwaka 1679. Mnada huo ulifungwa tarehe 29 Juni 1998, haukufunguliwa tena. Mnada wa chai wa Afrika ya Mashariki, ulioanza Nairobi mwaka 1956, ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, nao ungali hapa. Chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Malawi na nchi nyinginezo huletwa kisiwani petu, huonjwa na waonjaji ambao hufyonza kijiko kwa sauti kubwa kisha wakatema, halafu hununuliwa kupelekwa Pakistan, Misri na kwingineko. Uingereza nayo ni mmoja wa wanunuzi. Basi Mwingereza aketipo kwake akanywa chai yake ya saa kumi, huenda majani yake yalipita katika magudulia ya Mombasa, wala yeye hana habari.

Juu ya namna ya kuipika, hapo ndipo tunapoachana kabisa. Sisi twaichemsha pamoja na maziwa na sukari katika sufuria moja, na wengi twatia tangawizi au iliki. Na ile isiyo maziwa twaiita chai ya rangi, au sturungi kama vijana wasemavyo. Mwingereza akiona hivyo hushangaa. Yeye humimina maji yachemkayo juu ya majani ndani ya birika, huyaacha kidogo, kisha hutia maziwa baridi kikombeni. Tena wao kwa wao hushindana vikali kama maziwa yatangulie au yafuate. Mwandishi wao mashuhuri George Orwell aliandika makala gazetini mwaka 1946 akataja kanuni 11 za chai njema. Alitaka maziwa yafuate, na sukari isiwemo kabisa. Mwaka 1980 chama chao cha kuweka vipimo vya bidhaa kilitoa hata waraka wa kupima chai kwa waonjaji: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, na kungoja dakika 6. Mama wa Makadara apikaye kwa kukadiria na macho hana haja ya waraka huo, lakini tusiwacheke. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, tangu mwaka 1940, kila Mwingereza alipimiwa majani aunsi 2 tu kwa juma, yaani yapata gramu 57, na kipimo cha chai hakikuondolewa mpaka Oktoba 1952. Watu waliopimiwa kitu miaka 12 hawakosi kukipenda kwa makini.

(Nakumbusha jambo moja kwa wepesi. Kwetu neno chai limeharibiwa na wale waombao hongo. Mwingereza akikualika chai, ni chai kweli; na akiwa mtu wa kaskazi ya nchi yao, huenda ni chakula kizima cha jioni, kwa hiyo usiende umeshiba.)

Tuje kwenye mstari. Neno walitumialo Waingereza ni la Kifaransa, maana yake mkia. Neno letu foleni nalo latokana na amri ya jeshi la Kiingereza ya kuwaambia askari wajipange. Hapana shaka watu husimama kwa kufuatana katika nchi zote, lakini Waingereza wameufanya mstari kuwa kama mizani ya haki: aliyetangulia atangulie, awe tajiri au maskini. Wengi husema kwamba vita vile vile na upimaji wa vyakula, uliodumu mpaka mwaka 1954, ndivyo vilivyowakaza katika desturi hiyo.

Mfano mkubwa ulionekana Septemba 2022, alipokufa Malkia Elizabeth wa Pili. Jeneza lake liliwekwa katika ukumbi wa Westminster, na watu yapata 250,000 wakaja kutoa heshima. Mstari ulifuata ukingo wa mto Thames mpaka ukafikia kilomita 16 hivi, na wengine walisimama usiku kucha. Kila mtu alifungwa utepe wa namba mkononi ili akienda msalani aweze kurudi pale pale alipokuwa. Mchezaji mpira David Beckham, ambaye jina lake lajulikana hata kwa watoto wa huku, alingoja zaidi ya saa 12 kama wengineo.

Malkia huyo alikosa kidogo tu kuuona mji wetu wakati wa safari yake ya mwaka 1952. Meli yake, Gothic, ilikuwa ikimngoja bandarini Mombasa. Lakini tarehe 6 Februari, naye yuko Treetops karibu na Nyeri, baba yake Mfalme George wa Sita akafa, akarudi kwao kwa ndege. Pembe zile kubwa za ndovu zilizo juu ya Barabara ya Moi, ambazo wageni huzipiga picha wakidhani ni alama ya kale ya Waswahili, zilisimamishwa katika miaka hiyo ya 1950 kwa heshima ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza. Wala si pembe, ni bati la alumini.

Tukirudi kwenye mstari: kwetu jina lake limeingia doa. Mwaka 1988 watu walipangwa nyuma ya wagombea katika uteuzi wa chama cha KANU, nao uchaguzi huo wa mlolongo ulilalamikiwa sana, kwa kuwa mara nyingine mwenye mstari mfupi ndiye aliyetangazwa kushinda. Si ajabu basi mtu wa makamo akitajiwa mlolongo hukunja uso. Hata hivyo, wapo watu wa Mombasa wajuao maana ya kupanda chombo bila kiasi. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka kikiwa kimepakia watu kupita uwezo wake, wakafa watu 272. Wengi wao walikuwa wakienda kazini asubuhi. Yeyote asimamaye Likoni akingoja lango lifunguliwe, na umati ukimsukuma mgongoni, anajua kwamba mstari si mchezo wa kiungwana tu.

Sasa nifike kwenye maneno, ambayo kwangu mimi mfasiri ndiyo makubwa kuliko yote.

Mwingereza hapendi kukukatalia usoni. Badala ya kusema haiwezekani, husema anaogopa kwamba haiwezekani. Wala haogopi kitu. Akisema kazi yako si mbaya, amekusifu. Akisema ni nzuri kiasi, jihadhari, huenda hakuipenda. Akianza kwa kusema kwamba anakuheshimu sana, ujue yuko tayari kukupinga. Katika zama za ukoloni barua za Serikali zilimalizika kwa maneno haya: mimi, Bwana, ni mtumishi wako mtiifu. Bwana D.C. aliyemwandikia mkulima kwamba ardhi yake itachukuliwa alitia sahihi yake chini ya maneno yayo hayo, na mzee aliyesomewa barua ile angeweza kuuliza kwa haki, huyu mtumishi gani anitoaye shambani kwangu?

Yatupasa kukiri kwamba sisi tu ndugu zao katika jambo hili. Mtu wa Mombasa naye hakatai usoni. Mwingereza akimwuliza fundi kama kabati litakuwa tayari kesho, hujibiwa inshallah, akaenda zake akifurahi. Na kila mtu mwingine aliyesikia amefahamu kwamba kesho hapana kabati. Tofauti ni kwamba upole wao huandikwa, hupigwa mhuri, na huwa na tarehe.

Miaka michache iliyopita bibi mmoja mjane wa Makadara aliniletea barua kutoka ofisi moja ya Uingereza. Marehemu mumewe alikuwa baharia katika meli za Kiingereza, na mjane alikuwa akipata malipo kidogo kila mwezi. Nilikuwa mgeni katika kazi, nami nilijivuna kwa kufasiri bila kuacha neno. Nikamsomea hivi: "Tungeshukuru sana iwapo ungeweza kutuletea cheti hiki, kikiwa kimetiwa sahihi, kabla ya mwisho wa mwezi ujao." Cheti chenyewe kilikuwa cha kushuhudia kwamba mwenye malipo yu hai.

Yule mama akatabasamu. "Watu hawa wana adabu, mwanangu," akasema. "Hawakunilazimisha. Wamesema wangeshukuru tu." Ramadhani ilikuwa imekaribia, nyumba imejaa wajukuu, na shahidi wa kutia sahihi alitakiwa awe mtu wa cheo. Akaona atalishughulikia jambo hilo baada ya Idi, kwa nafasi. Nami sikumwambia neno, maana nilikuwa nimefasiri sawasawa.

Baada ya Idi ikaja barua ya pili. Hiyo nilimsomea huku sauti yangu ikipungua. Ofisi ilisikitika kumjulisha kwamba, kwa kuwa cheti hakikupokewa, malipo yamesimamishwa. Akaniuliza, "Ikiwa wanasikitika, mbona wasinipe?" Sikuwa na jibu. Miezi mitano ilipita katika kuandikiana barua, na katika muda huo akauza cherehani aliyokuwa akishonea kanzu na mabuibui. Malipo yalirudi, cherehani haikurudi.

Kosa halikuwa la ofisi peke yake, wala la mama yule. Nilichukua maneno, nikaacha uzito wake. Barua ile kwa Kiswahili cha kweli ilisema: leta cheti hiki kabla ya tarehe kadhaa, la sivyo hutalipwa. Mwingereza yeyote angeisoma hivyo bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa amezaliwa ndani ya lugha ile. Tangu siku hiyo barua inapotaja kwamba mwandishi angeshukuru, au angefurahi, au angependa kupendekeza, kwanza mimi huitafuta tarehe. Nikiiona tarehe, najua ni amri, na hivyo ndivyo ninavyomwambia mwenye barua. Na inapotaja kusikitika, humwambia kwamba shauri limekwisha katwa, ila huenda kuna mlango wa rufani, nao kwa kawaida umeandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, nao una siku zake.

Vijana wengi wa pwani sasa huandikiana na vyuo vya Uingereza, na waajiri, na ofisi za viza, tena hawana mfasiri. Wanasoma wenyewe kwenye simu. Kiingereza chao ni kizuri kuliko changu nilipokuwa na umri wao. Hata hivyo nimekwisha ona kijana aliyeandikiwa kwamba wangependa sana kupata karatasi moja zaidi, akaona wamempenda, akakaa akingoja.

Mama yule angali Makadara. Hunikaribisha chai, iliyochemshwa kwa maziwa na iliki mpaka ikawa nyekundu, na kila bahasha ya ng'ambo ifikapo hunipa niifungue yeye akimimina. Hanihimizi nisome yote. Huuliza swali moja tu, bila kuinua macho kwenye birika: "Leo wanashukuru, ama wanasikitika?"